Tuanze na Waliofika

Kadi imeandikwa saa 12:00 jioni. Mwalikwa anaisoma, anapiga hesabu zake, anaona hapo ni saa 2 usiku. Kamati nayo ilijua atapiga hesabu hizo, ndiyo maana ikaandika saa 12 badala ya saa 2. MC anayajua yote mawili, kwa hiyo ikifika saa 1 na nusu anafungulia muziki wa taratibu ili waliokwishafika wasisinzie. Maharusi wanaingia saa 3 na robo, vigelegele juu. Ukitafuta nani kamdanganya nani humpati, maana kila mmoja alijua mwenzake hasemi kweli. Ila yupo aliyeumia, naye ni shangazi mmoja aliyeiamini kadi. Ameketi tangu saa 12 kasorobo kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, mkoba na zawadi mapajani, akiwatazama wapambaji wakibishana juu ya ngazi taa ipi ikae wapi. Njaa inamkwangua. Chakula hakitoki mpaka keki ikatwe, na keki haikatwi mpaka wenyewe waingie. Huko nje daladala za kumrudisha kwake zinazidi kupungua.

Kwa niaba ya shangazi huyo na wa aina yake ninawaandikia wito huu. Tumezoea kuulizana kwa nini watu wetu hawafiki kwa wakati. Mimi ningependa tuulizane kinyume chake: kwa nini mtu afike kwa wakati, ilhali tumeweka utaratibu ambao anayeitii saa anakaa na njaa, na anayeipuuza anakuta wali wa moto? Mtu mwenye akili timamu akishakaa na njaa mara mbili, ya tatu atakuja saa 2. Usimwite mzembe. Amefundishwa, na waliomfundisha ni sisi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ukumbi una watu 200, wamengoja saa mbili. Hizo ni saa 400. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku 50. Yaani jioni moja tu, bila yeyote kukusudia ubaya, tumeteketeza kazi ya mtu mmoja ya kama miezi miwili. Na kwa kuwa saa hizo zilimegwa kidogo kidogo kwa kila aliyekuwepo, hakuna anayekuja kuzidai. Mchango wa shilingi elfu hamsini ukipotea, kikao kinachafuka, mweka hazina anasimama kutoa maelezo na daftari linafunuliwa ukurasa kwa ukurasa. Saa 400 zikipotea zinatajwa kwenye neno la shukrani kama “changamoto ndogo ndogo”, watu wanacheka, tunaendelea.

Utasema harusi ni furaha, na furaha haipimwi kwa saa. Haya, tuiache harusi, twende kwenye uwanja wa shule.

Nilikuwepo siku moja ya uzinduzi wa madarasa mapya. Ratiba iliyobandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu ilisema mgeni rasmi angewasili saa 3:00 asubuhi. Watoto wa ngoma na kwaya walikuwa uwanjani tangu saa 1 na nusu, wamekatazwa kukaa chini wasije wakachafua soksi nyeupe. Jua lilipochachamaa walifanya jambo ambalo hawakuambiwa na mtu yeyote. Walijipanga mstari mmoja mwembamba kwenye kivuli cha mlingoti wa bendera, mmoja nyuma ya mwenzake, na kila kivuli kilipojongea, mstari mzima ulijongea nacho. Mbele kulikuwa na turubai, meza kuu imevishwa, na chupa za maji zimepangwa mbili mbili. Hakuna aliyethubutu kumpa mtoto hata moja, kwa kuwa yale yalikuwa maji ya wageni. Msafara uliingia saa 6 imeshapita, kivuli cha mlingoti kimebaki cha miguuni tu. Mgeni akaomba radhi kwa sentensi moja, majukumu yamekuwa mengi, na uwanja ukapiga makofi. Kisha akatoa hotuba nzuri, kwa kweli nzuri, juu ya kumthamini mtoto.

Katika shule hiyo hiyo, mwanafunzi akichelewa dakika kumi anakabidhiwa ufagio. Watoto wale waliondoka na somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kuchelewa ni kosa ukiwa mdogo, na ni heshima ukiwa mkubwa. Tusishangae basi wakikua na kupata vyeo wakaanza kututumia bili.

Ndiyo maana siamini kwamba ugonjwa wetu ni uvivu. Kuchelewa kwetu kunashuka ngazi. Mkubwa anamngojesha aliye chini yake, na huyo naye anamngojesha wa chini yake, hivyo hivyo mpaka tunamfikia mtu asiye na wa kumngojesha: mtoto wa shule, mgonjwa, mzee aliyetoka kijijini kuja wilayani kufuatilia hati ya kiwanja. Hao ndio wanaobeba ratiba zetu zote mgongoni.

Wapo wanaotutetea kwa hoja ninayoikataa kabisa, ile ya “muda wa Kiafrika”. Eti sisi hatukuumbwa na saa. Mtu wa pwani akisema hivyo huwa namshangaa zaidi, kwa sababu miji yake ilijengwa na watu waliohesabu wakati kwa makini kuliko karani yeyote. Majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, miezi ya Desemba hadi Machi, yakarudi na kusi inayoanza kuvuma Aprili. Nahodha aliyezubaa Lamu akipakia boriti za mikoko mpaka kusi ikampita, alibaki huku mpaka msimu mwingine, na watu wake wakala akiba ya mwenye chombo. Hata leo, mvuvi wa Nungwi au Bagamoyo anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Asiyezijua hesabu hizo ngalawa yake inalala mchangani. Mkulima wa bara naye hajawahi kuiambia masika ya Machi isogee wiki mbili kwa sababu mbegu hazijafika.

Au tazama jioni ya Ramadhani. Mkekani pana tende, uji wa pilipili manga, tambi, maharage ya nazi. Familia imezunguka, mikono iko magotini, macho kwenye redio. Hakuna anayegusa kitu kabla ya adhana, na adhana ikitoka hakuna anayesema tumsubiri diwani.

Kama bado una shaka, kumbuka Mei 8, 2021. Mechi ya Simba na Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa ilipangwa saa 11 jioni, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walifika uwanjani kwa saa ile ya mwanzo, wakashikilia kwamba kanuni zinataka taarifa ya saa 24 kabla ya kubadili muda wa mechi, wakaondoka. Mpira haukuchezwa. Ulikuja kuchezwa Julai 3. Sitaki kuurudisha ubishi wa nani alikuwa na haki, nina ndugu pande zote mbili na Idi haiko mbali. Ninachokumbuka ni jinsi vijiwe vya kahawa vilivyobishana kwa wiki nyingi juu ya saa mbili tu. Watu waliotoka mikoani walizihesabu saa hizo kwa nauli, kwa malazi, kwa ruhusa waliyoomba kazini. Watu wasiojali wakati hawabishani hivyo.

Tena tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam hadi Morogoro, Juni 14, 2024, watu wale wale wanaoingia ukumbini saa 3 usiku unawakuta stesheni mapema kabisa, wamekaa, tiketi mkononi. Hawakubadilika tabia walipofika getini. Wanajua tu kwamba treni itaondoka.

Hapo ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Tunawahi pale ambapo shughuli itaanza bila sisi. Tunachelewa pale tunapojua tutangojewa. Basi anayengoja naye ana sehemu yake katika kuchelewa kwetu, na dawa iko mikononi mwake kuliko mikononi mwa mchelewaji.

Nchi nyingine zimejaribu njia nyingine. Mwaka 2007 Côte d'Ivoire iliendesha kampeni ya kupiga vita uchelewaji, Rais Laurent Gbagbo akiiunga mkono, na mshindi aliyesifika kazini kwake kwa kuwahi alizawadiwa nyumba. Mwaka huo huo Peru ilizindua kampeni yake Machi 1, saa 6 mchana, kwa ving'ora na kengele za makanisa, ili wananchi wote waweke saa zao sawa. Kwetu, Novemba 6, 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alitembea kwa miguu hadi Wizara ya Fedha bila taarifa na kukuta viti vitupu. Siku zilizofuata maofisi yalijaa mapema ajabu. Nyumba ni zawadi nzuri na hofu ni fimbo yenye nguvu, lakini zawadi humfikia mmoja, na hofu hukaa mpaka anayeogopwa apite. Tena kuwahi kukalia kiti ni kitu kimoja, na kumhudumia aliyesimama dirishani ni kitu kingine. Mwananchi anayekuta ofisi imejaa watu halafu anaambiwa “njoo kesho” hajapata nafuu yoyote.

Nikiri pia kwamba mawaidha ya kawaida juu ya wakati yananikera kidogo. Amka mapema. Panga ratiba yako. Punguza simu. Ni mawaidha mema, na mwenye kukesha akifungua video moja baada ya nyingine mpaka bando likakata anajijua mwenyewe, simsemi. Lakini mara nyingi mawaidha hayo wanapewa watu ambao saa zao haziko mikononi mwao. Mama ntilie anaamka saa 10 usiku. Mwendesha bodaboda anajua kufikia saa ngapi anatakiwa awe amepata hesabu ya tajiri. Ukimwambia mtu kama huyo athamini wakati, unamfundisha samaki kuogelea. Wanaohitaji kuambiwa ni wale wanaouchukua wakati wake.

Chukua kliniki ya wajawazito katika zahanati yoyote yenye watu wengi. Wote wameambiwa waje saa 1 asubuhi. Wanaweka kadi zao kwenye boksi, wanakaa kwenye benchi, benchi likijaa wanakaa sakafuni. Muuguzi yuko peke yake, wala hajapata nafasi ya kunywa chai, hivyo asilaumiwe. Lakini mama mwenye kadi ya 40 atafikiwa saa 7 mchana. Angeambiwa aje saa 5 asingepoteza chochote, na zahanati isingepoteza chochote. Angekuwa ameshafua, ameshapika, pengine ameshauza vitumbua vyake vya asubuhi. Kuwagawa watu wale kwa mafungu, 15 waje saa 2, 15 wengine saa 4, waliobaki saa 6, hakuhitaji bajeti wala semina. Kunahitaji daftari, kalamu, na mtu mmoja wa kuamua. Mganga mfawidhi unayesoma haya, ninakuomba ulijaribu hili kwa mwezi mmoja tu. Waulize wauguzi wako watakuambia ni siku gani inafaa kuanza.

Au nenda bombani mtaa wenye mgawo wa maji. Ndoo za lita 20 zimepangwa foleni tangu alfajiri, nyingine ina jiwe ndani upepo usije ukaihamisha kutoka nafasi yake. Wenye ndoo wako kivulini, na karibu wote ni wanawake na mabinti. Hawajui maji yatatoka saa 3 au saa 9, hivyo hawawezi kwenda popote. Tunajua maji hayatoshi, na mabomba hayajengwi kwa siku moja. Lakini ratiba ya mgawo ikitangazwa na ikafuatwa, binti mmoja atakwenda shule asubuhi na kuyakuta maji jioni, kwa maji yale yale na bomba lile lile. Wenyeviti wa mitaa na kamati za maji, hilo liko ndani ya uwezo wenu. Na kina baba tulio nyumbani, ndoo haichagui kichwa. Saa moja ukiipokea kutoka kwa mkeo ni saa moja amepata.

Tuna ushahidi kwamba utaratibu ukibadilika, saa zinarudi kwa wenyewe. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, wengi wetu tuliona simu ya kutuma fedha. Anayekumbuka jinsi tulivyokuwa tukituma pesa za matumizi kijijini ataona zaidi ya hapo. Bahasha ilikabidhiwa kondakta wa basi, mama akaenda kusubiri stendi siku nzima kwa sababu basi liliharibikia njiani, au akapanga foleni posta kwa fedha ambazo baadaye ziliishia kwenye nauli ya kuzifuata. Siku hizo tumerudishiwa. Hakuna aliyetuhubiria tuwe wepesi, njia tu ndiyo iliyofupishwa.

Sasa niseme na mafundi, kwa upole maana nawahitaji. Fundi cherehani anapokea kitambaa wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi, anakwambia njoo Alhamisi. Alhamisi nguo haijakatwa. Njoo Jumamosi. Jumamosi imekatwa, haijashonwa, na unayaona mapande yake yamefungwa pamoja na ya watu wengine kumi. Fundi huyu si mwongo kwa asili. Anaogopa kwamba akikutajia siku ya kweli utampelekea wa jirani, na kile kianzio ulichomwachia tayari kimenunua uzi na kulipa pango la kibanda. Na sisi wateja ndio tuliomfikisha hapo, kwa sababu anayesema “itakuwa tayari baada ya wiki mbili” tunamwona mvivu, na anayesema “kesho” tunamkabidhi kitambaa. Fundi, taja siku ya kweli. Mteja, mpe kazi aliyekutajia siku ya kweli, hata kama ni mbali. Wahenga walishasema ahadi ni deni, lakini deni hilo nalo lina upande wa anayelidai.

Na ile “niko njiani”! Mtu bado ana taulo mabegani, sabuni sikioni, anakuambia yuko njiani. Ukimwuliza wapi, atakutajia kituo kimoja kabla ya ulipo. Ucheshi wake naujua, nami hucheka. Ila fikiri kidogo ni nini hasa kinamuumiza anayengoja. Akijua utachelewa dakika 40, anaweza kuingia sokoni, kumjulia hali mgonjwa, hata kukaa tu na kunywa chai kwa raha zake. Ukimwambia dakika tano, unamfunga pale aliposimama, kisha unamfunga tena kwa tano nyingine. Kuchelewa kunampata kila mtu, kwa foleni, kwa mvua, kwa mtoto aliyeamka na homa. Kinachotakiwa ni kumwambia mwenzio kweli mapema, kabla saa ya miadi haijafika, ili saa yake abaki nayo mwenyewe.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sina nia ya kutugeuza tuwe watu wa kuhesabu dakika mezani. Baraza za Mji Mkongwe na Lamu, zile zilizojengwa mbele ya nyumba makusudi watu wakae, zimefanya kazi ambayo ofisi nyingi hazijaifanya. Watu hapo wamepatanishwa, wameposwa, wamekopeshana, wameambiana ukweli baina ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine. Mwanazuoni wa Kenya, marehemu John Mbiti, ambaye kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika hutajwa sana na wapenzi wa “muda wa Kiafrika”, aliwaonya wageni wanaowaona Waafrika wameketi wakadhani wanapoteza wakati. Nakubaliana naye. Ukikaa msibani siku tatu, ukalala kwenye mkeka na wafiwa, ukaosha masufuria, hujapoteza hata dakika. Ukiketi na bibi akakusimulia habari ile ile kwa mara ya kumi, wakati huo umeutumia vema. Saa hizo umezitoa kwa mkono wako. Ninazozilalamikia ni zile zinazochukuliwa bila mwenyewe kuulizwa, na mara nyingi zinachukuliwa kwa yule ambaye hata akiulizwa hana sauti ya kukataa. Tena anayeporwa saa nne mchana kwenye foleni ndiye anayekosa jioni nafasi ya kukaa barazani na majirani au kukagua madaftari ya wanawe.

Nirudi basi kwenye ombi langu. Waheshimiwa mnaoalikwa kuwa wageni rasmi, shikamooni. Tunajua mna majukumu, wala hatudai msichelewe kamwe. Tunaomba wasaidizi wenu wampigie mwalimu mkuu na kumwambia kweli, kwamba hamjaondoka bado, ili watoto warudi darasani wasome hesabu zao. Walimu wakuu na maofisa mnaoandaa hafla hizo, watoto wakae darasani mpaka gari la kwanza lifike barabara ya kuingilia shuleni. Simu zipo, na dereva wa msafara hakosi kupokea. Watoto wawili wakiingia kwenye mstari wa ngoma wakikimbia, hakuna mgeni atakayechukia. Na maji yaliyo mezani yaanze kunywewa na aliyekauka koo.

Kamati za harusi, andikeni kwenye kadi saa mnayoikusudia. Kama ni saa 2 usiku, iandikwe saa 2 usiku, na saa 2 ikifika watu wapewe chakula, maharusi wakiwa ndani au bado wakiwa saluni. Najua mtakachoniambia: keki kwanza, ndiyo desturi. Desturi hiyo tumeikuta ukumbini, hatukuirithi kwa babu zetu, ambao mgeni akifika walimpa maji kisha wakamwandalia. Safari ya kwanza mtalaumiwa, tena na watu wazito. Wajomba watafika wakute sahani ziko nusu na watanuna mpaka mwaka uishe. Harusi ya pili katika ukoo huo mtawaona wamekaa mstari wa mbele, saa 2 kasoro dakika kumi.

Wakuu wa ofisi zinazohudumia wananchi, hesabuni jambo moja ambalo takwimu zenu haziligusi: mtu wa mwisho kuhudumiwa leo alifika saa ngapi? Mwulizeni mwenyewe, akiwa bado amesimama dirishani. Kenya walipofungua vituo vya Huduma mwishoni mwa 2013, vikakusanya huduma za idara mbalimbali chini ya paa moja, mwananchi aliyekuwa akizunguka majengo manne alibakiwa na jengo moja. Hata kabla ya paa kama hilo kufika wilayani kwako, unaweza kubandika mlangoni orodha kamili ya vitu mtu anavyotakiwa kuja navyo, ili asirudishwe kwa ajili ya picha moja ya pasipoti au sahihi ya mtendaji. Safari moja ya bure kutoka kijijini inakula kibarua cha siku nzima, na nauli juu.

Na kwetu sisi wengine tusio na cheo wala ofisi, tunavyo vikao. Vikao vya harusi, vya jumuiya, vya vikoba, vya wazazi, vya mazishi. Jumapili hii mwenyekiti akifika atawakuta wanne wamekaa mbalimbali kwenye viti vya plastiki, kila mtu na simu yake. Atatazama mlangoni, atasema tuwape dakika kumi. Ndugu mwenyekiti, usiwape. Mkiwa watano kati ya tisa akidi imetimia, fungua kikao. Dada katibu, kwenye muhtasari andika saa kilipofunguliwa kweli, acha ile ya kwenye tangazo, na uisome kwa sauti kikao kinachofuata. Agenda iliyo nzito, ile ya fedha, iweke ya kwanza, na ipitishwe na waliokuwepo. Atakayeingia saa nzima baadaye asisimamishiwe maelezo tangu mwanzo. Mpeni kiti, mpeni chai, aulize mwenzake wa pembeni.